Rezistansi za Mizani ya Dhahabu

Wewe ungefanya nini kama jina la mtoto wako lingemezwa na kipaza sauti? Mwaka ule wa 2003, katika kambi ya wakimbizi mjini Bunia, majina ya watoto waliopotezana na wazazi yalitangazwa kila asubuhi. Mama Denise, mkulima aliyekimbia vita vya Djugu, alikuwa akimtafuta Abigaël wake. Lakini kila jina lilitoka limefunikwa na mchakacho, kama mafuta ya mandazi yanayochemka, lisifike kwenye mahema ya nyuma.

Ampli ya kipaza sauti kile, mashine inayokuza sauti, ilitengenezwa na Félicien, fundi wa redio wa mtaa wa Lumumba, na mchakacho ule ulimuuma kama jino. Alipochagua rezistansi, vile vidude vyenye mistari ya rangi vinavyopunguza umeme, alikuwa amefuata mazoea ya mafundi wenzake: nene ndiyo nzuri. Akajaza nene za makaa, alizozifungua kwenye redio za nyumba zilizoungua. Sasa aligundua kosa. Pale sauti ya maikrofoni inapoingia, ingali changa, nene zile ndizo zilizokuwa zikichakacha! Pale palitakiwa nyembamba za utando wa metali. Angezipata wapi, na barabara zote zimefungwa?

Mapajani mwa Eugène! Mnunuzi huyu wa dhahabu alikimbia machimbo ya Iga Barrière amekumbatia mizani yake ya umeme, ingawa risasi ilikuwa imepasua kioo chake.

"Papa Eugène, nipatie ile mizani," Félicien alimwomba.

"Uko na wazimu? Ile ndiyo shamba yangu! Watu wanatafuta watoto, weye uko unatafuta bidude ya rangi!"

"Haitapona tena, papa. Lakini mule ndani kuko rezistansi ya metali, yenye haidanganye. Inapima dahabu, haitetemeke!"

Mama Denise akajisogeza. "Papa, umepima dahabu ya watu miaka yote. Jina ya mutoto wangu iko na uzito gani?"

Eugène aliguna, akatazama pembeni, kisha akaisukuma mizani. "Kamata. Lakini ikichakacha tena, Félicien, nitakupima weye ku mizani ya nyama!"

Alasiri ile Félicien alizing'oa rezistansi za mizani moja moja. Alizipima kwa mita zikiwa baridi, akazisogezea chuma cha moto, akazipima tena, iliyobadilika aliitupa. Jua likiwa bado juu ya mahema, alikuwa amezichomelea zilizobaki kwenye ampli; akaiwasha. Kimya. Alidhani ampli imekufa. Akagusa maikrofoni kwa ukucha: to! Kambi nzima ikageuza kichwa. Félicien aliruka kama aliyefunga goli! Wenye bunduki walikuwa wamezoea kusikika mji mzima. Kwa nini jina la mtoto lisisikike?

Kesho yake asubuhi, Félicien, akiwa ameshika waya wa betri, alimsikia Mama Denise akiita mwenyewe: "Abigaël, mutoto ya Denise! Mama yako iko hapa!"

Nyuma kabisa ya mahema, kwenye foleni ya maji, dumu la njano lilianguka, na msichana mmoja akaanza kukimbia.