Tundu za Pindoni

Kila nikimaliza kusali huwaombea wazee wangu, kisha namwombea dereva mmoja wa Kihindi. Watoto wangu hunicheka. Waache wacheke.

Miaka ile mafuta yalipopanda bei, Jeddah ilikuwa harusi juu ya harusi. Mie nilikuwa fundi cherehani wa nyumba moja pale Al-Safa, mwanamke wa Kizanzibari mwenye mdomo, na ikama yangu, kibali cha kukaa nchini, iko kwa kafili aliyenidhamini, mume wa madam. Dereva wa nyumba alikuwa mtu wa kimya. Nikimchokoza kila siku: "We bwana, mikono yako hiyo sindano itaikimbia!" Yeye anacheka tu.

Siku moja alirudi kutoka Riyadh na sari, zawadi ya bibi harusi, binti wa madam, kutoka kwa dada yake madam anayekaa huko Al-Naseem. Hariri nyekundu ya nyuzi za dhahabu, imefumwa kwa mkono. Nikaambiwa kesho niikate gauni.

Asubuhi madam akaniingilia chumbani nayo mkononi, kafura. Pindoni mna tundu za sindano, mstari mzima. "Umeibana pini ukaivaa! Akirudi baba wa nyumba, halas, kwisha, unapanda ndege kwenu."

Nyumbani kwetu watu saba walikula kwa cherehani yangu. Mfa maji haishi kutapatapa. Nikasema, "Si mie, madam. Muulize dereva, ndiye aliyeshinda nayo njiani."

Madam akageuka amwite, kumbe kasimama mlangoni. Alipoipokea ile sari aliipitisha vidoleni taratibu, na mie nikajua hapo hapo kwamba mikono ile nilikuwa siijui. Akafunua mkunjo wa ndani kabisa, ambao bado umeshonwa uzi wa dukani, haujafunguliwa na mtu. Tundu zimo. Pindo la pili, zimo pia, zinatazamana.

"Nguo ikifumwa kwa mkono hujivuta katikati," akasema. "Mfumaji huitanua kwa ufito wenye sindano kwenye ncha zote mbili. Akifuma kidogo, anausogeza. Baba yangu mfumaji, na mie nimefuma mpaka nilipopata viza. Isiyo na tundu hizi, madam, ni ya mashine."

Madam akakaa kitako, akacheka kwa haya. Sari haikukatwa, bibi harusi aliivaa nzima.

Dereva alipotoka, madam akaniambia: "Nilimuuliza yeye kwanza, kabla sijaja kwako, akiosha gari. Nguo sikumwonyesha. Akasema, 'Kama ina tundu nimeitoboa mie njiani, fundi hana kosa.' Nikaona anakukingia tu."

Jamani! Niliona haya mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Nikachemsha chai ya maziwa na iliki, nikampelekea uani. Nikamwambia ahsante, nikamwambia Mungu akulipe, kisha nikalia.

"Kaka, nisamehe. Nilikutaja wewe."

"Najua, dada," akasema. "Nilikuwa nishafika mlangoni."

Akaonja chai, akaniomba sukari.