Mikono Nyuma

Waumini walimbandika jina la Mikono Nyuma, naye hakulikataa. Akihubiri, akipita sokoni, hata akimngoja mkewe afunge mlango, mikono iko mgongoni, mmoja umeukamata mwenzake kama askari na mwizi. Tabia hiyo aliianza siku aliposimama mbele ya mkuu wao na kutamka kwamba hakuna binadamu wa kubusiwa mkono katika nyumba ya ibada, hata awe nani. Kwa neno hilo yeye na mkewe walivunjiwa madirisha ya nyumba yao, na mkewe akajifunza kulala sikio likiwa mlangoni. "Baba watoto, hata mimi sishiki?" humtania. Naye hucheka kicheko chake cha kukwaruza: "Wewe shika, mama. Lakini mkono ukionja busu, hausahau."

Leo mkuu ameng'olewa, na umati umefurika kumsikiliza kiongozi mpya, Mikono Nyuma mwenyewe. Ghafla kelele zikakatika. Mkuu wa zamani alikuwa ameingia peke yake, bila fimbo yake ya fedha. Watu walimpisha, wengine mawe mkononi. Akafika mbele, akapiga magoti. Mke, katika safu ya kwanza, alingoja mumewe amwinue mzee wa watu. Mikono ikatoka mgongoni. Wa kushoto ulining'inia tu, haujui pa kwenda. Wa kulia ukateremka taratibu hadi usawa wa midomo ya mzee, kiganja chini, ukatulia.

"Baba watoto!" mkewe akaita.

Waligeuka wote, isipokuwa yeye.