Amplifaya ya Kaka Niliyoikataa

Siku ya kwanza kazini nilidhani nimeajiriwa na mtu ambaye akili zake haziko sawa. Mnisamehe wajukuu zangu, lakini ndivyo. Nilikwenda kufagia. Duka lilikuwa Ngamiani, Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, la Mhindi mmoja Mwislamu ambaye tulimwita Tajiri, maana huku kwetu mtu akikupa kazi ndiye tajiri yako, hata kama kandambili zake zimefungwa kwa waya. Alitengeneza redio na amplifaya, zile mashine za kukuzia sauti, za maharusini na misikitini.

Nimeshika fagio, akaingia mzee kutoka Mwera. Kaja na basi la asubuhi, amplifaya kaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Tajiri hakuigusa. Aliinama akainusa. Kisha akaichomeka kwenye balbu yake. Balbu hii niwaeleze: ilikuwa balbu ya zamani, ile ya waya inayotoa joto, imefungwa njiani kabla umeme haujafika kwenye mashine. Mashine ikiwa nzima, balbu inamulika mara moja halafu inafifia. Kukiwa na shoti ndani, yaani umeme umepata njia ya mkato, balbu inawaka moja kwa moja. Ya mzee wa Mwera iliwaka mpaka ungeweza kutunga uzi kwenye sindano.

"Baba yangu, hii irudi nyumbani," Tajiri akasema.

"Nitalipa."

"Najua utalipa. Ndiyo maana siitaki."

Mzee akafunga kanga yake akaenda zake. Mimi nimeduwaa na fagio. Asubuhi ile ile Tajiri kashinda analalamika biashara imelala, sasa biashara imeingia na miguu yake miwili, kaifukuza. Nikajikaza nikamuuliza. Akaniambia, "Ile imeingia maji ya chumvi. Ningekaa nayo wiki nzima, ingelia mwezi mmoja, ikafa. Mtu anakuletea maiti, binti, halafu anarudi kudai wewe ndiye uliyeiua."

Nikaitikia ndiyo Tajiri. Sikuelewa hata kidogo.

Kwenye meza ya ufundi nilisogea polepole. Shule niliachia darasa la tatu, lakini macho yalikuwa makali na vidole vidogo, na kuchomea risasi kunataka hivyo. Risasi ni yale madini laini unayoyayeyusha kwa pasi ya umeme ili waya ushike mahali pake. Kushikisha waya nilijifunza kwa mwezi. Kukataa kulinichukua miaka, na sina hakika kama nilimaliza.

Tajiri alikuwa na njia zake. Anaangalia skrubu: zikiwa nne na kila moja ya aina yake, basi mafundi wanne wameshapita humo, wewe unakuja kurithi makosa yao. Anamsikiliza mwenye mashine pia. Akija mtu akisema, "Fundi, ni waya tu umeachia," Tajiri anacheka kimoyomoyo. "Huyo kashaifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni," ananinong'oneza. Na jambo alilolishika kama dini ni kifuniko. "Ukishafungua kifuniko, umeshaoa. Na usifungue mashine ya mtu ambaye hajakukabidhi kwa mkono wake. Hata ya mama yako."

Hilo la mama nilidhani ni mzaha.

Baadaye akafungua duka dogo Pangani, akanipeleka kule chini ya Msimamizi. Msimamizi alikuwa mtu mwema, mpole, na kosa lake lilikuwa hilohilo. Kila anayeingia, "Karibu, weka hapo." Iliyozama baharini, weka hapo. Iliyoungua ikawa na shimo unaona upande wa pili, weka hapo. Akiulizwa itakuwa tayari lini, anajibu, "Njoo Alhamisi." Watu wa Pangani hawana dogo, wakaliita Duka la Alhamisi.

"Bibie, Alhamisi ipi?" mvuvi mmoja akaniuliza. "Kuna Alhamisi za dunia na za akhera."

Huku zile kazi nyepesi, fyuzi imekatika, tundu la waya wa maiki limelegea, kazi za nusu saa, zimefukiwa chini ya maiti. Mwenye fyuzi anangoja mwezi mzima kama mwenye mashine iliyozama. Ikafika mahali Msimamizi akisikia hodi anaingia uani, mimi nabaki kudanganya kwamba kaenda kuswali, saa nne asubuhi.

Tajiri akaja siku moja kutazama. Akasimama katikati ya rundo.

"Na wewe muda wote huu ulikuwa unafanya nini?"

"Naandika majina ya wateja, Tajiri."

"Wewe hujui kuandika."

"Nachora."

Akataka kuona daftari. Nilikuwa nimemchora kila mteja, mwenye kipara, mwenye baiskeli, mwenye mimba. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akafunga duka, akanirudisha Tanga. Ndipo nikadhani nimeelewa: kazi mbovu haili faida tu, inakaa mezani na kuwazuia wazima wasipite.

Tajiri alipozeeka aliacha kazi, akanipa mita yake ya kupimia umeme na baraka zake. Nikafungua kibanda Nguvumali. Mwanamke na pasi ya risasi, watu walikuja kwanza kushangaa tu. Nikawa nakataa kama nilivyofundishwa, wakanibandika jina, Mama Sitaki. Lakini walirudi, maana walijua nikishaipokea, italia. Hapo nilikuwa nimestarehe kabisa. Ningejua.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kuanzia hapa mwenzenu sielewi mpaka leo.

Kaka yangu alikuwa akikodisha muziki. Amplifaya yake ilikuwa boksi la chuma, na ndani transfoma kubwa, lile fungu la waya wa shaba linalopunguza umeme, zito mpaka watu wawili wanabeba wakitukanana. Alikwenda nayo kila kwenye harusi, mpaka Mkwaja. Safari ya mwisho ya Mkwaja walirudi na boti, wimbi likawaingilia, boksi likalowa. Kaka akalisukuma nyuma ya mlango, akasema ataniletea wiki ile. Wiki ile ile akaugua. Hakuinuka.

Mkewe, wifi yangu Rehema, akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki. Mimi ndiye nilikuwa nashinda pale kumpikia na kumchekesha. Na kila nikiingia, boksi lile lile nyuma ya mlango. Chumvi iko ndani inakula, na mimi fundi napita mbele yake na sufuria la uji. Ningelifungua siku ya kwanza, nikalisuuza na spiriti, nikalikausha, lingepona. Sikulifungua. Kaka alikuwa hajanikabidhi, na wifi alishasema kitu cha mumewe kisiguswe mpaka atoke. Nikashika adabu ya kazi, nikashika adabu ya msiba, na baina ya adabu mbili mashine ikaoza. Nani alikosea hapo? Nimewauliza wengi. Kila mtu ananijibu lake.

Wifi akatoka eda. Siku ya tatu huyo, na mkokoteni, boksi juu.

"Wifi, nimemleta kaka yako," akasema, anacheka. "Nataka niendeleze kazi yake. Ndicho alichoniachia."

Nikainama nikanusa. Nikaweka kwenye balbu, ikawaka. Nikachungulia kwenye matundu ya pembeni kwa tochi: bodi imegeuka kijani, transfoma linanuka kuungua. Kumbe kuna mtu kajaribu kuliwasha likiwa bado bichi.

"Wifi, hii imekwisha."

"Imekwisha kwa nani?"

"Kwa fundi yeyote. Nikiitia mkono italia siku mbili, ikuaibishe kwenye harusi ya watu."

"Mimi sikuja kwa fundi. Nimekuja kwa wifi yangu."

"Ndiyo huyo wifi yako anakwambia."

Akanitazama. "Wageni unawaambia sitaki. Na kaka yako unamwambia sitaki."

"Sijasema sitaki, Rehema. Nimesema imekwisha."

"Sawa, Mama Sitaki," akasema taratibu, akamgeukia mwenye mkokoteni. "Twende, baba. Hapa pana fundi tu."

Toka siku ile hakunisemesha. Mbaya zaidi ni shughulini. Tukikutana jikoni kwenye harusi, wanawake wananipa vitunguu nikamenye mbali, maana Rehema yuko kwenye wali. Nikisema salamu, anaijibu kwa aliye pembeni yangu. Nilikuwa sina ndugu mwingine zaidi ya yule kaka, na yule wifi ndiye niliyebaki naye. Nikawa najiambia, nilikataa sawasawa, hata Tajiri angekataa. Halafu najiambia, sasa mbona nimepoteza?

Baada ya kama nusu mwaka, alasiri moja nimekaa kibandani, nasikia muziki kutoka mtaa wa pili. Nikaweka pasi chini. Besi ile naijua, nimeisikia tangu niko kijana. Nikatoka nikachungulia uani kwa watu. Boksi la kaka liko mezani, taa yake nyekundu inawaka, Rehema pembeni kajitanda, anageuza vitufe kama nahodha.

Sikulala vizuri siku hizo. Mashine nimesema imekufa, inaimba. Basi nikauliza-uliza, nikaambiwa kaitengeneza Mpemba mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, ana kijiduka Barabara ya Ishirini. Nikaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, mimi ni fundi mwenzio. Nimekuja kujifunza. Boksi la mama yule wa Nguvumali umelifufuaje?"

Akacheka kwa aibu, akainama, akavuta kitu chini ya meza. Transfoma la kaka. Alikuwa analitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

"Sikufufua, bibi. Nilitoa vyote. Boksi lake, vitufe vyake, taa yake. Ndani nimetia bodi mpya, na badala ya transfoma hili pawa ya kisasa, nyepesi kama mkate. Siku hizi ndivyo. Kutengeneza ile ya zamani hakulipi."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nilimwambia nimebadilisha vitu vya ndani. Hakuuliza vingapi."

Tajiri alinifundisha mambo mawili, pokea au kataa. Huyu hakupokea wala hakukataa, kafanya la tatu ambalo sikuwahi kulifikiria. "Bibi, wewe ungekataa?" akaniuliza. Nikamwambia nilikataa. Akasema, "Basi ulikuwa sawa." Nikamuuliza, na wewe? Akasema, "Na mimi niko sawa." Nikaondoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja.

Lakini njiani, nisiwafiche, furaha ikanipanda. Nilikuwa sawa. Mashine ilikufa kweli. Nikawa natunga maneno: nitamwendea Rehema mbele za watu, nitamwambia fungua kifuniko utazame, humo hamna kaka hamna nani. Jina langu lirudi. Nilitembea haraka mpaka viatu vikanibana.

Wifi yangu alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, ndiyo maana leo naweza kusema haya.

Basi, Ijumaa iliyofuata baada ya kutoka kwa yule Mpemba, kulikuwa na shughuli ya wanawake alasiri, harusi ya jirani yetu. Nikaenda na maneno yangu tayari. Rehema kaniona. Sijui nini kilimwingia, labda ile furaha ya kazi kukubali, akapapasa mkeka karibu yake.

"Kaa hapa, wewe mwanamke."

Nikakaa. Toka aondoke na mkokoteni ule ndiyo mara ya kwanza ananisemesha.

"Unaona?" akasema. "Tangu itengenezwe imekuwa nyepesi. Naibeba peke yangu. Zamani wanaume wawili walikuwa wanatukanana. Nasema kaka yako huko aliko kaniona nahangaika, kaniombea nipunguziwe mzigo."

Uzito ule naujua uko wapi, unazuia mlango Barabara ya Ishirini.

"Sikia hiyo besi," akasema. "Si yenyewe?"

Nikasikiliza. Masikio yangu yamesikia amplifaya kwa umri wa mtu mzima. Nawaapia, ilikuwa yenyewe. Sijui spika zilikuwa zilezile za zamani, sijui ni mimi. "Ndiyo yenyewe, wifi," nikasema, na sikujua kama nadanganya.

Akanipiga bega. "Ulinikasirisha sana. Lakini yaishe. Ikiharibika tena naileta kwako, Mpemba ni mgeni, wewe ni damu. Utaifungua wewe mwenyewe, mbele yangu, nipaone mle ndani kaka yako alipokuwa anapajua."

Wanawake wanapiga vigelegele, na mimi natazama zile skrubu nne. Nikipokea, siku moja nitafungua kifuniko mbele yake. Nikikataa, nimemkataa mara ya pili.

"Wifi," nikamwambia, "mimi nimeacha kazi. Macho."

"Lini?"

"Juzi."

Nilikuwa sijaacha kazi yoyote. Kibandani nilikuwa na mashine tatu za watu, pasi nimeiacha imechomekwa. Nilistaafu pale pale mkekani, baina ya wimbo na wimbo. Na kwa kuwa Rehema alikuwa anapita mtaani kwangu kila siku, kesho yake ilibidi nirudishe mashine za watu na nifunge kweli.

"Pole," akasema, akanisogezea sahani ya visheti. "Basi nitampelekea yule yule Mpemba."

"Mpelekee," nikasema. "Yule anaijua."