Geti Nililompigia Picha Bibi Keiko

Jamani, nina aibu. Nilikuwa namhudumia Bibi Keiko, Mjapani mzee aliyebakisha siku chache tu za kuishi, nyumbani kwake Gaithersburg, Marekani. Nilipokwenda likizo Osaka peke yangu, alinipa anwani. "Nipigie picha ya geti la kwetu."

Siku zote nilizurura, nikila tambi na kushangaa maduka, hadi nikasahau. Wakati naelekea uwanja wa ndege, nikapiga picha ya geti lolote la mbao.

Niliporudi nikampa; macho yake yalikuwa hafifu. Aliibusu ile picha, akalia, akanishika mkono. Mjinga mimi nikaongeza: "Hata jirani yenu anakusalimu."

Binti yake, aliyekuwa ameketi kando, akaichukua, akasoma kibao cha Kijapani pale getini.

"Mama, hapa ni hospitali ya mbwa."

Bibi Keiko akauachia mkono wangu.