Alikula Mbele ya Kamati

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka kumi na sita alipoacha kula, na majirani zetu wa mtaa wa Umoja wakaamua ana ukimwi. Miaka hiyo ya tisini ukikonda ulikuwa umeshahukumiwa. Waliacha hata kuazima sufuria zetu. Kumbe maskini alikuwa anakiogopa chakula, basi. Alikificha mfukoni mwa sweta, na akilazimishwa alikwenda kukitapika. Kwenye kliniki ya mtaa sista alinicheka waziwazi: "Nyumbani kuna unga? Basi mwambie ale. Huo ni ugonjwa wa matajiri."

Na kweli dokta wa ugonjwa huo alikuwepo, ng'ambo ile ya mji, kwa wenye pesa. Mimi nilitaka aje kwetu angalau siku moja kwa wiki. Niliandika barua ya kupeleka ofisi za kanjo, baraza la jiji, nikaizungusha mlango hadi mlango, na kila mlango ukanituma kwa kamati ya kliniki: akina mama saba, watu waliotoka upande wa magharibi wa nchi kama sisi, waliokutana kanisani Jumamosi. Wakitia sahihi, barua itasomwa. Wasipotia, ni karatasi tu.

"Mlete tumwone," wakasema.

Nikampeleka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote, ila chai sikuifikiria. Kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajala. Mwenyekiti mwenyewe alimwekea mandazi mawili mkononi. "Karibu, mama, kula." Mdogo wangu akainamisha kichwa, akala. Yote mawili! Polepole, mpaka makombo.

"Si huyu anakula?" mmoja akasema, na wote wakacheka kama watu waliotuliwa mzigo. Wakanirudishia barua yangu.

Nyuma ya choo cha kanisa nilimshika mabega akitapika, na badala ya kumhurumia nikamfokea. "Umeniharibia! Si ungekataa tu?"

"Mbele ya akina mama?" akauliza.

Wiki nne nililala naye kitanda kimoja bila kumsemesha, Mungu anisamehe.

Mwezi uliofuata nilirudi kwa kamati peke yangu. Nilikuwa nimeapa: leo sitii kitu mdomoni mpaka watie sahihi. Mwenyekiti akaniletea kikombe na sahani. Nikasema, "Asante mama, nimeshiba."

Weee! Wote saba wakanikodolea macho. "Yaani leo chakula chetu kimekuwa kibaya?" mmoja akauliza, kwa upole kabisa. Hakuna aliyenitisha. Mkono wangu wenyewe ulikwenda kwenye sahani. Nikala, mimi mzima wa afya, na sikusikia ladha yoyote.

Nilipomaliza nikasema, "Hivi ndivyo alivyokula yeye. Aliwaheshimu, halafu akaenda kutapika." Mwenyekiti alinitazama sana, akanimiminia chai nyingine.

"Kunywa, mwanangu. Inapoa."

Nilifika nyumbani na barua yangu bila sahihi hata moja. Mdogo wangu alikuwa amejilaza, ameuelekea ukuta.

"Walikupa mandazi?"

"Walinipa."

"Ukala?"

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Akasogea ukutani, akaniachia nafasi, nami nikalala kando yake na viatu vyangu miguuni.