Kinu cha Chuma cha Mjomba Ilunga

Harufu ya pilipili inayokaangwa kwenye kikaango kikavu hadi leo inanitoa machozi, na si kwa ukali wake. Nilikuwa na miaka minane, tukikaa mtaa wa Katuba, na kambo Ngosa, bibi yangu mzaa baba, alikuwa amefika kwa treni kutoka Sakania. Baba akamchinjia mbuzi. Mama, jina lake Kapinga, akanipa kazi yangu: kukaanga pilipili, kuichanganya na tangawizi kavu, vitunguu saumu vilivyoanikwa juani, karanga na chumvi, kisha kutwanga mpaka utoke unga wa kupaka nyama. Michopo, nyama yetu ya mbuzi ya kuchoma, bila unga ule, kwetu, ilikuwa nyama iliyopita motoni tu.

Kinu chetu cha mbao kilikuwa kwa jirani, Mama Masengo. Niliona uvivu kukifuata. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kinu kidogo cha chuma cha mjomba Ilunga, ndugu wa mama. Mjomba alichonga shanga za malakiti, yale mawe yetu ya kijani, na vipande vilivyobaki alivitwanga humo, akachanganya na gundi ya kuziba nyufa. Kuku wetu mmoja alidonoa unga ule akafa siku hiyo hiyo, na mama akatukataza hata kukigusa. Mimi nilikifuta kwa sketi yangu, mara mbili, nikatwanga.

Mama alipaka nyama, akaiacha itulie, akaiweka motoni. Niliporudisha kinu ndipo nikaona kijani kwenye ufa wa chini, kimelowa mafuta ya karanga. Nikisema, fimbo ya mama. Nikinyamaza, yule kuku.

Kwetu mkubwa hula kwanza, wengine wote wanangoja amalize vipande vyake. Kambo alipewa ini na paja. Meno yake yalikuwa machache, akatafuna polepole, huku baba, mama, mjomba na wadogo zangu Kabwe na Mwape wakitazama beseni la nyama. Alipomeza kipande cha pili nikaanza kulia.

“Unalia nini, shi ni moshi, weye?” kambo akaniuliza.

Nikamsogelea sikioni. “Kambo, nilitwangia mu kinu ya mjomba. Ile ya majiwe.”

Hakuniangalia. Alisimama, akachukua beseni lote kama anayetaka kugawa, akalimwaga juu ya majivu na makaa.

“Mikono yangu imezeeka,” akasema. “Munisamehe.”

“Mama, mbuzi muzima?” mjomba akamwambia kambo.

Tukala bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo. Mchana ule wote nilikaa kando ya mkeka wake nikitazama tumbo lake likipanda na kushuka. Kila lilipochelewa, nami niliacha kupumua.

“Unaniangalia nini hivi, unangoja nikufe?” akasema, macho amefumba. “Enda uniletee mayi ya kunywa.”

Alhamisi akarudi Sakania, mzima, na siri yetu akaondoka nayo.

Leo wajukuu zangu wananunua unga wa michopo kwenye vifuko vyenye maandishi nisiyoyamaliza kusoma. Mimi bado natwanga, kwenye kinu cha mbao. Nyama ikiiva nakula kwanza, halafu nawangojesha.

“Kambo iko na uroho,” anasema Ngosa, mjukuu niliyempa jina la kambo yangu, na wenzake wanacheka.

Kambo yangu alikula kwanza kwa heshima, mimi kwa woga. Nawaacha wacheke. Natafuna polepole, naweka mkono juu ya tumbo, nangoja. Halafu nawaambia: mukule.