Bwana Umekula

Wateja walimwita Bwana Umekula, maana mwenye duka la dawa yule hagusi kabati kabla hajauliza: "Umekula? Tumbo linakusumbua? Presha je?" Huuliza kwa sauti ya chini, miwani imepanda kwenye paji la uso. Boksi za dawa huzisukuma mezani kwa kiganja, hazishiki kwa vidole, na mama fundi cherehani wa duka la pili amekuwa akijisemea moyoni: maringo hayo.

Siku hiyo fundi alikuja na jina la kidonge mdomoni, kile kilichomwinua dada yake kitandani. Baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha vidole, hata kutunga uzi kwenye sindano hawezi. "Nipe hicho hicho, mzee. Nimechoka."

"Na vile vidonda vya tumbo?"

"Vilipona zamani."

"Vimelala tu, mama. Kitakutuliza vidole kikutoboe tumbo. Anza na hii ya kupaka, halafu ukamwone daktari. Ukitaka kukasirika, kasirikia hapa hapa, mimi nimezoea."

Fundi akakasirika kweli. Akaivuta tyubu, akahangaika na kifuniko, wapi! Bwana Umekula akafungua droo yake, akatoa tyubu nyingine iliyokwisha nusu, akamsukumia kwa kiganja. "Jipake kidogo kwanza."

Kifuniko chake kilikuwa na alama za meno pande zote. Fundi akavitazama, kwa mara ya kwanza, vidole vya mzee yule: vimevimba kama vyake. Hasira zikamwisha.

"Na wewe, mzee," akauliza taratibu, "umekula?"